Mali Bila Daftari: Somo Juu ya Dhahabu ya Siri na Wenye Mali wa Ng'ambo Katika Iguhu

Iguhu ni soko katika nchi ya Idakho, Kaunti ya Kakamega, magharibi ya Kenya. Mto Yala wapita katika bonde lake, na juu ya vilima vya pande zote mbili watu wamejenga karibu karibu, kila mji na shamba lake dogo la mahindi, maharagwe na migomba. Mpita njia huona ng'ombe malishoni, watoto waendao shule, na wanawake wenye vikapu waelekeao sokoni. Lakini akizunguka katika vijiji vya Idakho, kama vile Isulu na Bushiangala, ataona jambo jingine: marundo ya mawe yaliyovunjwa, mashimo marefu yaliyofunikwa kwa turubai, na kamba zining'iniazo. Atasikia pia ngurumo za vinu vya kusagia mawe.

Chini ya mashamba hayo mna dhahabu. Huchimbwa na kuuzwa kila siku, na fedha zake hununua unga, hulipa karo za shule na huezeka nyumba za mabati. Kazi hii yajulikana na kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Hata hivyo sehemu kubwa ya dhahabu hiyo haiandikwi katika daftari lo lote: si la Serikali, si la benki, wala si la mchimbaji mwenyewe. Hutoka shimoni ikaingia mfukoni, na kutoka mfukoni ikapotelea njiani.

Wakati huo huo, kwa miaka zaidi ya kumi, makampuni yenye fedha za ng'ambo yamekuwa yakipima ardhi ile ile kwa mitambo ya kutoboa miamba. Kufikia mwisho wa mwaka 2025 hapana mgodi mkubwa wa makampuni hayo uliokuwa umefunguliwa. Somo hili laeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoshikana: biashara ifanywayo gizani, na fedha za mwenye mali aliye mbali. Laeleza pia ni nani hasa alipaye gharama ya giza hilo.

MAANA YA UCHUMI WA KIVULI

Wataalamu wa mambo ya uchumi huziita kazi na biashara zisizoandikwa mahali po pote "uchumi wa kivuli". Jina hili lafaa. Kivuli humfuata mtu na kina umbo kama lake, lakini hakishikiki wala hakiwekwi katika mizani. Ili jambo lisichanganyike, yafaa kutofautisha hali tatu.

Hali ya kwanza ni kazi halali ya mtu mdogo ambayo haikuandikwa tu, kama ya fundi wa baiskeli au mwuza ndizi. Katika Kenya kazi za namna hii huitwa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilitoa taarifa juu ya Kenya, nayo ilionyesha kwamba kazi hizo si uvivu wala uhuni, bali ni riziki ya kweli yenye maarifa mengi. Hesabu za Serikali za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba, ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini wamo katika shughuli za jua kali.

Hali ya pili ni kazi ambayo sheria yataka iwe na kibali, nayo yafanywa bila kibali. Hali ya tatu ni magendo na udanganyifu: kuvusha mali mpaka kwa siri, kuficha kodi kwa makusudi, au kumwuzia mtu shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Dhahabu ya Idakho yaweza kupita katika hali zote tatu kwa safari moja. Mama apondaye mawe yumo katika hali ya kwanza. Shimo lisilo na kibali limo katika ya pili. Donge lisafirishwalo nje ya nchi bila kutangazwa limo katika ya tatu. Kosa kubwa huanza pale watu wote hao wanapoitwa wezi, na kosa jingine huanza pale wote wanapoitwa watu wema.

DHAHABU ILIVYOONEKANA

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja aitwaye L. A. Johnson, mkulima wa upande wa Turbo, alipata dhahabu katika nchi ya Kakamega. Habari zilienea upesi. Ilikuwa miaka ya dhiki ulimwenguni pote, bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka, na mamia ya Wazungu walikuja kutafuta bahati yao. Watu wa Idakho na Isukha waliingia katika kazi hiyo kama vibarua.

Ardhi hiyo ilikuwa imetengwa kuwa ya Waafrika. Sheria ya mwaka 1930 ilisema kwamba ardhi ya namna hiyo ikichukuliwa, hapana budi wenyewe wapewe ardhi nyingine ya thamani iyo hiyo, na baraza la wenyeji lipewe habari. Dhahabu ilipoonekana sheria hiyo ilibadilishwa, mwezi wa Desemba 1932, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya madini na wenyewe wapewe fedha tu. Jambo hili lilileta ubishi mkali hata katika Bunge la Uingereza. Katika Kakamega liliacha kumbukumbu ambayo haijafutika: kwamba sheria yaweza kugeuzwa mara moja, mgeni mwenye fedha anapoona kinachong'aa.

Migodi mingi ilikuwa midogo na haikudumu. Uliojulikana sana ni mgodi wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, uliochimbwa tangu 1935 hadi 1952. Tangu mwaka 1934 Marekani ilikuwa imeweka bei ya dhahabu kuwa dola 35 kwa wakia, na bei hiyo ilidumu mpaka 1971. Gharama za kazi zilipanda baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini bei haikupanda. Makampuni yaliondoka, na dhahabu iliyosalia ilibaki chini. Baadaye wenyeji waliendelea kuitafuta kwa sululu na karai.

MLANGO ULIOFUNGWA

Hapa ndipo penye chanzo cha giza. Sheria ya Madini ya mwaka 1940 ilifanywa kwa ajili ya makampuni na watu wenye mtaji. Haikuwa na mlango kwa mchimbaji mdogo wa kijijini. Nchi ilipata Uhuru mwaka 1963, lakini sheria hiyo iliendelea kutumika mpaka mwaka 2016. Kwa miaka 76, mtu wa Iguhu aliyechimba dhahabu katika shamba la baba yake hakuwa na njia iliyo nyepesi ya kuchimba kwa halali. Hakuchagua kujificha, hakukuwa na mahali pa kujionyesha.

Sheria mpya ya mwaka 2016 ilifungua mlango. Ilimtambua mchimbaji mdogo kwa jina lake, ikaweka kibali chake maalum kwa raia wa Kenya, na kutaka pawe na kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti. Ilisema pia jinsi mrabaha wa madini utakavyogawanywa: sehemu 70 katika 100 kwa Serikali ya nchi, sehemu 20 kwa kaunti, na sehemu 10 kwa watu wa mahali panapochimbwa.

Lakini mlango uliofunguliwa si sawa na mtu aliyeingia. Kamati zilichelewa kuundwa, na mwaka 2019 Serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za madini. Zuio hilo lilianza kuondolewa mwaka 2023. Zaidi ya hayo, sehemu za ardhi yenye dhahabu zilikuwa tayari ndani ya leseni za utafutaji za makampuni. Huku bei nayo ilipanda. Mwezi wa Oktoba 2025 wakia moja ilipita dola 4,000. Bei ya namna hiyo haimngoji karani.

SAFARI YA GRAMU MOJA

Shimo moja huwa na watu wengi kuliko anavyodhani mtu wa mbali. Yupo mwenye shamba, akubaliye shimo lichimbwe kwake kwa fungu la mawe. Yupo mwenye shimo, atoaye fedha za kamba, mbao, pampu na chakula. Wapo vijana washukao chini, na wanawake wapondao mawe kwa nyundo. Kisha yupo mwenye kinu, na mwishowe mnunuzi. Mapatano yao ni ya mdomo. Mara nyingi hushikwa kwa uaminifu, maana watu wajuana kwa ukoo na kwa kijiji. Lakini shimo likiporomoka, mjane hana hati ya kuonyesha wala bima ya kudai.

Mawe yakisagwa, unga wake huoshwa kwa maji na kutiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Kisha zebaki huchomwa motoni, na moshi wake ni sumu. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto walio tumboni. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, nao waitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki iliyoingia katika samaki.

Ubaya wa zebaki hauishi hapo. Mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Mfano wa kufundishia utaonyesha. Ikiwa mawe ya kikundi yana gramu kumi, huenda zebaki ikashika nne, na sita zikabaki katika mchanga. Mchanga huo mara nyingi huachwa kwa mwenye kinu, au huuzwa kwa bei ndogo kwa mtu mwenye mtaji, ambaye huuosha kwa sayanidi na kupata zile sita. Hivyo aliyeshuka shimoni hupata fungu dogo, na aliyekaa juu hupata kubwa.

Kwa nini basi mchimbaji hanunui mtambo ulio bora? Kwa sababu benki haiwezi kukopesha kwa dhamana ya shimo lisilo na kibali. Na kwa nini akubali mizani ya mnunuzi, hata akiishuku? Kwa sababu dhahabu yake haiwezi kupelekwa mbele ya mkaguzi. Giza linalomficha asionekane na mtoza kodi ndilo linalomficha pia asionekane na benki, daktari wa kazi na hakimu.

Kutoka kijijini dhahabu hupita mikononi mwa madalali hata ifike mijini na kuvuka bahari. Shirika la Swissaid la Uswisi, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 peke yake si chini ya tani 435 za dhahabu zilitoka Afrika bila kutangazwa, na sehemu kubwa iliishia katika Falme za Kiarabu. Gramu za Idakho ni tone katika mto huo.

MWENYE MALI WA NG'AMBO ATAZAMA NINI

Mtu mwenye fedha nyingi katika London, Toronto au Sydney hajui njia ya Iguhu. Yeye hutazama karatasi. Huuliza: dhahabu ni kiasi gani, ardhi ni ya nani, kodi ni ngapi, na fedha zangu zitarudi lini? Biashara ya gizani huharibu jibu la kila swali.

Kwanza, huharibu habari. Wachimbaji wa Idakho wajua mishipa ya dhahabu ilivyopinda, lakini ujuzi huo haukuandikwa. Kampuni hulazimika kutoboa miamba upya kwa gharama kubwa, ijue lile ambalo watu walijua zamani.

Pili, huchanganya mipaka. Leseni ya kampuni yasema eneo ni lake kwa utafutaji. Shamba lasema ni la mwenyeji. Shimo lasema ni la aliyelichimba. Wote watatu waweza kuwa na haki fulani, na hakuna mahali palipoandikwa haki hizo zikutanapo.

Tatu, hupotosha mzigo wa kodi. Serikali isipoona gramu elfu zipitazo gizani, hutaka fedha zake kwa wachache waonekanao. Mwenye kulipa kwa halali hushindana na asiyelipa kitu.

Nne, huharibu sifa. Soko kubwa la dhahabu la London hutaka wasafishaji wake wahakikishe asili ya dhahabu wanayoinunua, na dhahabu isiyo na hati hushindwa mtihani huo. Udanganyifu wa dhahabu bandia, uliowapata wanunuzi wa kigeni mara nyingi katika Nairobi, umeongeza hofu. Mwezi wa Februari 2024 baraza la mataifa lipingalo fedha haramu, liitwalo FATF, liliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi. Jambo hilo halikutokana na dhahabu peke yake. Lakini nchi ikiingia katika orodha ya namna hiyo, mabenki ya ng'ambo huuliza maswali zaidi kabla ya kutoa fedha.

Matokeo yake ni kwamba giza huchagua wageni. Mwenye mali mwangalifu, atakaye hesabu safi na kukaa miaka ishirini, husita. Mwenye haraka, apendaye kupata na kuondoka, huliona giza kuwa ni rafiki yake.

LESENI ILIYOPITA MIKONONI

Historia ya karibuni yaonyesha kusita huko. Mwaka 2012 kampuni ya African Barrick Gold ilinunua kazi ya utafutaji ya magharibi ya Kenya kutoka kwa kampuni ya Australia, Aviva. Mwaka 2014 ilibadili jina ikaitwa Acacia. Mwaka 2017 Acacia iliingia katika ugomvi mkubwa wa kodi na Serikali ya Tanzania juu ya migodi yake ya huko, na mwaka 2019 ilimezwa yote na kampuni ya Barrick. Mwaka 2020 kazi ya Kenya iliuzwa kwa Shanta Gold, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 14 na nusu hivi, ingawa dhahabu iliyokadiriwa ilikuwa zaidi ya wakia milioni moja. Mwaka 2024 Shanta yenyewe ilinunuliwa na kampuni nyingine.

Msomaji aweza kushangaa: wakia milioni moja kwa fedha hizo? Dhahabu iliyo ardhini haina bei ya dhahabu iliyo mkononi. Hapana budi itolewe kwa gharama, na kila shaka, ya mwamba, ya bei, ya siasa, ya mipaka na ya watu, hupunguza bei yake. Biashara ya gizani si shaka pekee, wala si kubwa kupita zote. Lakini ni mojawapo, nayo ndiyo iliyo karibu na mikono ya wenyeji na ya Serikali yao kuiondoa.

Mwaka 2025 Shanta ilitangaza makadirio ya wakia milioni 1.27 katika Isulu na Bushiangala, pamoja na mpango wa mgodi ambao ungehamisha baadhi ya familia. Wengi wa Idakho waliupinga. Waliokumbuka mambo ya 1932 waliogopa kupoteza ardhi, na waliokula kutokana na mashimo waliogopa kupoteza kazi. Hofu hizo si upumbavu. Mtu ambaye kazi yake haimo katika hesabu yo yote ana sababu ya kuogopa siku ya hesabu.

MIFANO YA KWINGINE

Katika Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium, yenye asili ya Australia, ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mchanga wa madini mwaka 2014, ikachimba mpaka Desemba 2024. Huko nako palikuwa na malalamiko ya ardhi na ya mrabaha. Lakini hapakuwa na magendo ya mfukoni, kwa sababu mchanga ule ni mzito, hauna thamani mpaka uwe shehena, na hupita katika bandari moja mbele ya macho ya wote. Dhahabu ni kinyume chake: mshahara wa mwaka mzima waweza kufichwa ndani ya kiberiti. Kwa hiyo mwenye madini ya dhahabu ahitaji daftari lililo bora kuliko mwenye mchanga.

Katika Ghana, mji wa Obuasi una mgodi wa zamani sana. Februari 2016 wachimbaji wengi wasio na leseni waliingia ndani ya eneo la kampuni ya AngloGold Ashanti. Kampuni ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea na kazi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Dhahabu ya kwanza baada ya hapo ilipatikana Desemba 2019. Hata hivyo Ghana ni mojawapo ya nchi za Afrika zitoazo dhahabu nyingi kupita zote, na wageni wamo. Basi si kweli kwamba biashara ya gizani huwafukuza wageni wote. Huwafanya waje na kuta, walinzi na masharti magumu, na gharama za kuta hizo hutolewa katika fungu ambalo lingewafikia wenyeji.

NANI ALIPAYE

Watu husema kwamba biashara ya siri huiibia Serikali. Ni kweli, lakini Serikali ina njia nyingine za kupata fedha. Anayelipa zaidi ni mtu wa chini kabisa.

Mfano wa mama mmoja apondaye mawe utafaa. Ikiwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano na kusomesha watoto wanne, siku kampuni itakapokuja kuandika watu wa kulipwa fidia, karani atauliza hati ya shamba. Shamba si lake. Atauliza nyumba, nyumba haiko juu ya mwamba wenye dhahabu. Atauliza kibali, kitabu cha chama, au stakabadhi ya mauzo. Hana hata kimoja. Miaka kumi na mitano ya jasho lake haitaonekana. Mwenye shamba atalipwa, na kampuni itachimba. Yeye ataondoka na nyundo yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Katika Iguhu ni ya mwenye nyundo.

DAWA YA GIZA

Kufukuza watu mashimoni kwa nguvu si dawa. Afukuzwaye mchana hurudi usiku, na shimo la usiku huua zaidi. Dawa ni kuufanya mwanga uwe na faida kuliko giza.

Tanzania ilijaribu njia hiyo. Mwaka 2019 iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya sehemu 18 katika 100, na kodi ya zuio ya sehemu 5. Machi mwaka huo ilifungua soko la madini katika Geita, kisha masoko mengine mikoani, yenye mizani ya Serikali na bei inayotangazwa. Mchimbaji alipoona kwamba mizani ya sokoni yampa zaidi ya mizani ya kichakani, wengi walikwenda sokoni, na mapato ya Serikali kutoka kwa wachimbaji wadogo yaliongezeka. Mgodi mkubwa wa wageni katika Geita haukufungwa kwa sababu hiyo. Magendo hayakwisha kabisa, lakini njia ilionekana.

Kwa watu wa Iguhu na vijiji vyake, mambo manne yaweza kufanywa bila kungoja kampuni yo yote. Kwanza, wachimbaji wajiunge katika vyama vya ushirika, maana sheria ya 2016 yatazama vikundi hivyo kwa wema, na kibali ni chepesi kuombwa na wengi kuliko na mmoja. Pili, kila shimo liwe na daftari: majina ya wenye kazi, mafungu ya mawe, gramu zilizouzwa na siku. Daftari la shilingi chache laweza siku moja kuwa shahidi wa maelfu. Tatu, wanawake wapondao mawe waandikwe kama wenye kazi, si kama wasaidizi. Nne, mapatano ya mwenye shamba na mwenye shimo yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi.

Kwa upande wa Serikali, deni ni kubwa zaidi. Kibali kiwe cha bei nafuu na kitolewe karibu na watu. Maeneo ya wachimbaji wadogo yapimwe na kutengwa, na makampuni yajue mapema mahali leseni yao inapokoma. Na ile sehemu 10 ya mrabaha iwafikie wenyewe. Watu wa sehemu nyingi za madini walingoja fedha hizo miaka mingi baada ya 2016, na mtu aliyengojeshwa hivyo hawezi kulaumiwa akiona mwanga hauna faida.

Wageni nao wana wajibu wao. Kampuni itakayo kukaa Idakho haina budi kumhesabu mwenye nyundo pamoja na mwenye hati, na kueleza mpango wake waziwazi kabla ya kuleta mitambo.

Mgodi mkubwa ukifunguliwa, au usipofunguliwa kamwe, mambo hayo yatakuwa na faida. Wakija wageni, wenyeji watakaa nao mezani wakiwa na hesabu zao mkononi. Wasipokuja, dhahabu ya Idakho itawapa wachimbaji wake fungu kubwa kuliko lile wanaloliacha leo katika mchanga wa kinu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Hali tatu za uchumi wa kivuli ni zipi? Taja mfano wa kila moja katika soko lenu.

2. Kwa nini mchanga wa Kwale haukuweza kufichwa kama dhahabu ya Idakho?

3. Ikiwa karani wa fidia angefika kijijini kesho, ni watu gani wangekosa kuandikwa, nao wangehitaji hati gani?

4. Daftari la shimo liwekwe na nani, ili watu wote waliamini?